Jasho Lisilo na Ankara

Wanangu mnaowasomea wazazi wenu barua, haya ninayaandika kwa ajili yenu.

Nawafahamu. Katika nyumba zetu nyingi hapa Houston, bahasha yenye nembo ya benki, ya hospitali au ya bima haifunguliwi na yule ambaye jina lake limeandikwa juu yake. Huitwa mtoto. Mtoto hutoka chumbani, simu mkononi, hupitisha macho juu ya kurasa nne za Kiingereza kizito, kisha hutoa tafsiri ya maneno matatu: "Wanasema ni sawa." Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa miongoni mwa watu wanaoziandika kurasa hizo, na ninakiri mbele yenu kwamba ni mara chache mno zilikuwa zikisema ni sawa.

Nilikuwa mkadiriaji wa hasara katika kampuni ya bima. Ni kazi ya kupanda juu ya nyumba ya mtu baada ya tufani, kutazama kilichoharibika, kisha kuandika kitagharimu kiasi gani kukirudisha kama kilivyokuwa. Nilianzia Dallas na Fort Worth, ambako mvua ya mawe huanguka kana kwamba kuna mtu huko juu mwenye ugomvi na magari ya watu, nikamalizia Houston, nyuma ya meza. Magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Mimi niliyafuata nikiwa na umri wa miaka hamsini na minne, na tangu hapo tunaelewana vizuri zaidi.

Kama mtalikumbuka neno moja tu katika maneno yangu yote, likumbukeni neno uchakavu. Bima ya nyumba waliyo nayo wengi wetu hulipa mara mbili. Mara ya kwanza hulipa thamani ya kitu kilivyokuwa siku kilipoharibika, yaani kikiwa kimeshazeeka. Tofauti kati ya thamani hiyo na bei ya kitu kipya ndiyo uchakavu, na kampuni huizuia. Mwenye nyumba akishatengeneza na kuonyesha alichotumia, huidai, naye hulipwa. Asipodai, hakuna atakayempigia simu kumkumbusha. Nimewaona watu wema, wasomi, wenye magari mazuri, wakidhani hundi ya kwanza ndiyo ya mwisho, wakafunga faili, na fedha yao ikalala hukohuko ilikolala.

Aliyenifundisha kulieleza jambo hili alikuwa Mteksasi mmoja aliyeitwa Dwayne, mtu mrefu, mtafunaji wa mbegu za alizeti, jasiri juu ya paa lolote lakini mwoga wa mbwa kupita kiasi. Utaratibu wake wa kazi ulikuwa rahisi: mimi nitangulie kuingia uani, yeye abaki garini hadi ijulikane kama kuna mbwa. Alikuwa na maarifa mengi. Alinifundisha kutazama kwanza vitu vya bati laini vilivyoko juu ya paa, vifuniko vya matundu ya hewa na mlizamu, kwa sababu bati hubonyea na kubaki na alama, ilhali kigae cha lami huweza kuchubuliwa na mtu mwenye nyundo na tamaa. Alinifundisha kuchora kwa chaki mraba wa futi kumi kwa kumi na kuhesabu alama zilizomo humo, badala ya kuzurura juu ya paa kama mtu aliyepoteza hereni. Alinifundisha pia kuifunga ngazi kwa kamba. Somo hilo la mwisho nililisikia, nikaliandika kwenye daftari, na wiki hiyohiyo nikalisahau.

Ilikuwa Fort Worth, mchana wa upepo. Nilikuwa juu, chaki mkononi, niliposikia kishindo. Ngazi ilikuwa imelala kwenye nyasi. Pembeni yake alisimama mwenye nyumba, mzee wa kizungu mwenye kofia pana, na kando ya mzee alisimama mbwa. Nikatazama garini. Dwayne alikuwa amekwisha kupandisha vioo.

"Samahani, mzee," nilisema, "naomba uninyanyulie ngazi."

Mzee aliitazama ngazi, akanitazama mimi. "Nitainyanyua," alisema, "ukinieleza kwa nini kampuni yenu inakaa na fedha yangu."

Nikaanza kumweleza, huko juu, kwa lugha ya mkataba. Nilitaja vifungu. Nilitaja maisha yanayotarajiwa ya vigae vya lami. Mzee alimkuna mbwa shingoni na kusubiri, bila dalili yoyote ya kuigusa ngazi. Hatimaye kioo cha gari kilishuka kwa upana wa kidole kimoja, na sauti ya Dwayne ikapenya:

"Mwambie habari za buti!"

"Buti gani?"

"Buti zake! Zimeibwa!"

Nikaelewa. Nikamwambia mzee: chukulia mwizi ameiba buti zako ulizozivaa miaka kumi. Leo nakupa bei ya buti kuukuu. Nenda dukani, nunua mpya, nionyeshe risiti, nami nitakuongezea kilichobaki hadi ifike bei ya mpya. Usiponunua, basi hukuhitaji buti. Mzee alitafakari, akatikisa kichwa kukubali, akainyanyua ngazi, na akaniambia nilipofika chini kwamba ningekuwa nimeshuka nusu saa mapema kama ningeanza hapo.

Tangu siku hiyo sikumweleza mtu uchakavu bila mfano. Kwa Wateksasi nilitumia buti. Nilipohamia Houston na kuanza kupokea simu za watu wetu, kwa sababu kampuni iligundua kuwa ninazungumza Kiswahili na ikanifanya ofisi nzima ya lugha hiyo, nilibadili buti kuwa kanga. Kanga yako imeibwa, nakupa bei ya kanga iliyopauka, ukinunua mpya nakuongezea. Mfano huo ulifanya kazi kwa Wamombasa, kwa Wazanzibari, kwa Wakongo, hata kwa mchungaji mmoja aliyeniuliza kama ni lazima iwe kanga au hata suti inafaa. Niliupenda sana mfano wangu. Kitu ukikipenda sana huachi kukitumia, wala hukikagui, na wangu ulikuwa na tundu.

Tundu hilo aliligundua Mama Furaha.

Alikuwa mjane kutoka Uvira, mashariki mwa Kongo, akifanya kazi ya kuwatunza wazee huko Sugar Land, na nyumba yake ilikuwa Alief, ndogo, ya matofali, yenye mkopo wa miaka mingi. Aliishi humo na binti yake Furaha, msichana wa miaka kumi na sita ambaye ndiye alikuwa waziri wa mambo ya nje wa nyumba ile: barua zote, simu zote, fomu zote. Tufani ikaja, ikang'oa vigae, maji yakaingia, dari likaanguka katika chumba cha Furaha na sakafu ikavimba. Mkadiriaji kijana alikwenda na kile kidege cha kupigia picha, kwa kuwa siku hizi hakuna anayepanda. Kidege hupanda, kompyuta huhesabu, na kompyuta hiyo inaujua umri wa vigae kuliko baba anavyoujua umri wa mwanawe wa tatu. Makadirio yakaja mezani kwangu.

Nitawapa hesabu mara moja tu. Kazi zote zilikadiriwa kuwa dola elfu ishirini na moja. Elfu mbili za kwanza ni za mwenye nyumba mwenyewe kuzibeba. Hivyo ndivyo mkataba wake ulivyosema, na sheria ya Texas haiwachekei wanaokwepa fungu hilo. Elfu saba zilizuiliwa kama uchakavu: elfu nne na mia nane za paa, elfu mbili na mia mbili za ndani. Hundi ya kwanza ikawa elfu kumi na mbili. Muda wa kuzidai zile saba ulikuwa siku mia tatu na sitini na tano tangu siku ya tufani. Mikataba hutofautiana, someni wa kwenu, na mtafute hasa mstari wa siku.

Nilimpigia Mama Furaha, nikampa mfano wa kanga, akacheka, akasema ameelewa. Nyumba ikishatengenezwa, nikamwambia, nipigie. Nikafunga faili nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Miezi tisa ikapita. Simu ikalia.

"Mama wa bima, aksanti sana! Paa imeisha. Sasa tuma ile franga ingine, ile pesa ilibaki."

"Hongera, Mama Furaha! Ni nani aliyeezeka?"

"Bandugu."

"Ndugu gani? Kampuni yao inaitwaje?"

"Kampuni? Bandugu ya kanisa! Balikuya kumi na mbili. Jumamosi mbili tu, bakamaliza. Nilipika sombe, nilipika bugali, nilipika samaki mpaka jirani Mvietnamu akakuya kuuliza ni harusi ya nani. Furaha! Tumia mama mapicha!"

Picha zikaingia. Naam, wanangu, lilikuwa paa. Nimetazama mapaa maelfu, na lile lilikuwa limenyooka kama mstari wa daftari. Juu yake walisimama wanaume kumi na wawili, baadhi wakiwa na fulana za maghala wanamofanyia kazi, wameshikana mabega.

"Uliwalipa kiasi gani?" niliuliza.

"Mama," akasema kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa, "kwenu munalipaka bandugu?"

Akaendelea: "Na iko neno ingine. Ile franga yenu ya kwanza haikuisha. Vigae, mbao, misumari, ile kontena ya takataka, vyote ni elfu saba. Inabaki elfu tano benki. Sijagusa. Nirudishe namna gani?"

Katika miaka ishirini na miwili ya kazi yangu, yeye ndiye mteja pekee aliyetaka kuirudishia kampuni ya bima chenji.

Sasa lioneni tundu la mfano wangu. Ukiibiwa kanga, na dada yako akakuhurumia akakupa kanga mpya, bima haikuongezei kitu, kwa kuwa hukutumia kitu. Sikuwahi kumwambia mtu hivyo. Haikunijia akilini, maana mfano niliurithi kutoka kwa watu wa buti, na wao hawana desturi ya kuezekewa nyumba bure na watu kumi na wawili. Sisi tunayo. Nilizaliwa Tanga, nimeona nyumba zikiinuliwa kwa msaragambo na masufuria ya wali. Nilipaswa kuliona jambo hilo likija kutoka mbali.

Hesabu ilikuwa hivi. Kampuni yetu ilihesabu kila kazi peke yake. Kwa paa, Mama Furaha alikwisha kupewa elfu saba, thamani ya paa kuukuu. Alichotumia ni elfu saba. Hakikuzidi hata dola moja, kwa hiyo elfu nne na mia nane za paa hazikuwa na njia ya kutoka. Zilikuwa, karibu sawasawa, thamani ya jasho la ndugu kumi na wawili.

Zilikuwa zimebaki siku themanini na moja. Siku ya pili yake niliendesha gari mpaka Alief, kwa kuwa habari kama hii haitolewi kwa simu.

Nilikaribishwa na harufu ya kitunguu na mzee mmoja aliyevaa koti: Papa Mashauri, shemasi wa kanisa, fundi mwashi tangu Uvira, msimamizi wa zamu katika ghala hapa, na jemadari wa lile jeshi la juu ya paa. Furaha akanionyesha chumba chake. Mahali pa dari palitandazwa nailoni iliyobanwa kwa utepe wa gundi, nayo ilipumua kila kiyoyozi kilipowaka. Alikuwa amelala chini ya nailoni hiyo miezi tisa. Mama yake alikuwa amezipigia hesabu zile elfu saba kwa ajili ya dari hilo na sakafu.

Tukaketi mezani. Nikaeleza. Nilipomaliza, aliyesema kwanza alikuwa Papa Mashauri.

"Kwa hiyo jasho yetu ni sifuri?"

"Katika safu ile ya karatasi, Papa, ndiyo."

"Sifuri." Akalirudia neno kama anayeonja chumvi iliyozidi. "Nilianguka kwenye ile ngazi mara mbili. Hata kuanguka ni sifuri?"

"Kuanguka ni bima nyingine, Papa."

Furaha akacheka, kisha akaacha. "Tantine," akasema, akiniita shangazi kwa Kifaransa cha kwao, "ni mimi. Barua niliisoma mimi. Ilisema tu-repair halafu tu-submit. Nikamwambia Mama, wanasema ni sawa."

"Kosa ni langu," nilimwambia, na nilimaanisha. "Barua haikusema yote, na mimi niliyejua yote sikusema."

Papa Mashauri alikuwa amekwisha kupata dawa. Aliingiza mkono kwenye koti akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri. Kumbe maswali yangu ya malipo kwenye simu yalikuwa yamemtia Furaha wasiwasi, akamwambia mzee, naye hakuja mikono mitupu. Ilikuwa ankara. Juu iliandikwa kazi ya paa, chini iliandikwa elfu nne na mia nane, imelipwa, na pembeni palikuwa na saini yenye mikia mirefu.

"Weka hii kwenye faili," akasema. "Kazi ilifanywa ao haikufanywa? Ilifanywa. Thamani yake si ni ile? Ni ile. Uongo iko wapi?"

Wanangu, hapa ndipo kazi yangu ilipokuwa ngumu kuliko juu ya paa lolote. Papa hakuwa mwizi. Karatasi ile ilikuwa kweli katika kila mstari isipokuwa mmoja, ule unaosema imelipwa. Lakini kama ingeingia kwenye faili, na siku moja mtu wa uchunguzi akauliza fedha ilipita benki gani, dai zima lingeweza kufutwa, pamoja na zile elfu kumi na mbili, na jina la mjane lingebaki mahali pabaya. Nami ningelazimika kuipeleka huko mwenyewe. Sikuigusa karatasi. Nilimgeukia mwenye nyumba.

"Mama Furaha, ulimlipa Papa fedha hii?"

Alitazama juu, kule ambako ndugu zake walikuwa wamepigilia kila msumari.

"Hapana," akasema. "Nilimulipa sombe."

"Mama, nyamaza kidogo!" akasema Papa.

"Sinyamazi, Papa. Mpaka kufika hapa nimejaza karatasi. Kule kambini, karatasi. Ndege, karatasi. Nyumba hii, karatasi kama Biblia. Yote nilisema kweli, hata pale kweli iliniumiza. Nianze uongo leo juu ya paa?" Akaichukua ankara, akaikunja, akamrudishia. "Wewe uliniezekea kama ndugu. Usinigeuze mteja."

Papa Mashauri akairudisha mfukoni, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba alikuwa na haya.

Ndipo nikachukua penseli na kugeuza makadirio upande mweupe. Elfu nne na mia nane zimekwenda, nikasema, tusizililie. Zimebaki elfu mbili na mia mbili za ndani, nazo zitakwenda vilevile ikiwa dari, sakafu na rangi havitamalizika na kulipiwa kwa ankara ya kweli ndani ya siku themanini. Kazi hiyo yote ilikadiriwa elfu tisa na mia mbili. Zipo tano benki. Kuna mbili za kujibebea. Zinazopungua ni zilezile elfu mbili na mia mbili zitakazolipwa mwishoni.

"Papa ni fundi," nikaongeza. "Hakuna ubaya kumlipa ndugu, mradi alipwe kweli."

"Mimi?" Papa alisogeza kiti nyuma. "Nichukue franga ya mjane? Jumapili nitamuangalia mchungaji na macho ya nani?"

Basi hapo palikuwa na fundi mahiri asiyeweza kufanya kazi kwa sababu hawezi kulipwa, na kazi isiyoweza kufanywa na mtu asiyelipwa. Ilibidi atafutwe mgeni. Mama Furaha alimpata Salim, Mzanzibari wa Sharpstown, mpiga bodi za dari, aliyekubali kuanza kwa elfu tano, kupokea elfu mbili za Mama kazi ikikamilika, na kusubiri hundi ya mwisho kwa kilichobaki. Mafundi wengi wa hapa hukubali kusubiri hivyo, ila yaandikwe kabla nyundo haijainuliwa. Kwa elfu mbili zile Mama alichukua zamu za nyongeza wiki saba mfululizo.

Papa Mashauri hakushika chombo hata kimoja. Alileta kiti. Kila Jumamosi alikaa katikati ya sebule, mikono juu ya magoti, akikagua. Niliwakuta hivyo nilipokwenda kutazama kazi.

"Hii kona haiko sawa," alisema Papa.

"Kona hiyo, mzee wangu," Salim alijibu kutoka juu ya ngazi, "imenyooka kuliko wewe ulivyokaa hapo."

"Kwetu Uvira tungeibomoa tuirudie."

"Na kwetu Unguja tungekunywa chai kwanza, tukaijadili, tukaiacha. Yakhe, wewe huna nyumbani kwako?"

"Niko nyumbani kwa dada yangu."

"Basi nishikie hii bodi."

"Siwezi. Nikishika, utapunguza ankara."

Salim alicheka hata ngazi ikatikisika. Ilikuwa imefungwa kwa kamba, nilitazama.

Kikwazo cha mwisho kilitoka mahali nisipopatarajia. Kufunga dai kulihitaji risiti za vifaa vya paa pia, na Papa alizihifadhi kwa uaminifu mkubwa ndani ya gari lake, juu ya dashibodi. Risiti za madukani huchapwa kwa joto, na joto la Houston ndani ya gari lililofungwa ni tanuri. Zote zilikuwa nyeusi kama masizi. Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili, na Papa amezishika risiti mkononi kama mtu aliyeokota ndege mfu.

Furaha ndiye aliyekimaliza kikwazo hicho. Aliingia dukani na kadi ya mama yake, akaomba wazitafute kwa namba ya kadi na tarehe, akasimama kaunta hadi ya mwisho ilipochapwa. Alitoka na karatasi tisa mpya, akazipiga picha palepale kwenye maegesho, akanitumia pamoja na ankara ya Salim. Chini yake aliandika: "Tantine, hii mara nimesoma kila line." Hesabu ya siku ilikuwa mia tatu na hamsini na sita. Fanyeni kama yeye, tena mapema: pigeni picha risiti kabla hamjatoka dukani, na msimpe mzee yeyote mwenye dashibodi.

Hundi ikatoka. Wiki mbili baadaye Mama Furaha alinipigia, na nyuma yake nikasikia sauti ya Papa Mashauri ikimsomesha la kusema.

"Mama wa bima, franga imefika. Elfu mbili mia mbili. Salim amelipwa yote. Furaha analala chini ya dari. Mungu akubariki."

"Ahsante kwa habari njema, Mama."

"Lakini tunauliza. Ile elfu nne mia nane ilienda wapi?"

"Imebaki kwenye kampuni."

"Juu bandugu balifanya bure."

"Ndiyo."

"Sasa balifanyia nani bure? Mimi, ao kampuni?"

Nimejibu maswali ya mawakili, ya wahandisi, ya wakaguzi wa serikali. Hilo halikuwa na mahali pa kujifichia.

"Kwa hesabu, Mama," nikasema, "waliifanyia kampuni."

Kikaja kicheko kikubwa cha mwanamke, cha kutoka tumboni. "Papa! Umesikia? Tulichangia bima!" Nikamsikia Papa akiuliza kwa mshangao kama ni kweli, na Furaha akicheka hadi kukohoa.

Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa na heshima zote. "Basi mama, mwaka muzima ulituomba risiti. Na sisi kanisani, mutu akitoa, anapewa risiti. Tunaomba yetu. Bandugu kumi na mbili, Jumamosi mbili, elfu nne mia nane. Bosi wako asaini."

"Mama Furaha, kampuni yetu haina fomu ya kupokea mchango wa kanisa."

"Mutengeneze," akasema. "Hatuna haraka. Munakuwa na siku mia tatu na sitini na tano."